Meno Matano Yaliyokatika



Leo nimeingia studioni na kitu kidogo kiganjani. Ni gia ya plastiki nyeusi, upana wake hauzidi sentimita nne na nusu. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na meno 54. Asubuhi hii nimeyahesabu tena kwa ncha ya sindano: yamebaki 49. Matano yaliyoondoka yalikuwa yamepangana, jirani kwa jirani, kama ya mtu aliyepigwa ngumi moja ya mdomo. Haya 49 yaliyobaki ni mazima kabisa. Ukipitisha ukucha unasikia makali yake. Kumbukeni hilo la meno matano ya mahali pamoja, maana ndilo lililonifungua macho.

Gia hii ni ya gari la rimoti la mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha tatu. Gari lenyewe alitumiwa na baba yake mdogo anayeishi Muscat. Na nikisema gari la rimoti, sizungumzii vile vigari vya watoto ambavyo vikifa vinatupwa jalalani. Hili ni gari la kipimo cha 1/10, la kukimbia kwenye udongo na mashimo. Lina difu mbele na difu nyuma, lina propela katikati, lina shokapu za mafuta, lina beringi kila kona. Yaani vile vilivyomo chini ya Land Cruiser ya kijijini, vingi vimo humo, kwa udogo tu. Fundi wa gereji akiligeuza juu chini hahitaji kufundishwa majina.

Karibu na nyumba ya dada yangu kuna kiwanja kinachojengwa, pana lundo la kifusi. Kijana akaligeuza lundo lile kuwa mahali pa kurukia. Siku ya tatu akanipigia simu, sauti imemkauka. "Mjomba, gari linanguruma lakini haliendi."

Kila aliyewahi kushika spana anaijua sentensi hiyo. Mota inazunguka, magurudumu yamesimama, basi kati ya mota na magurudumu kuna kitu kimeachana. Tukafungua, tukaikuta gia hii. Nami kwa mazoea yangu ya gereji nikaona dawa yake ni moja: plastiki imeshindwa, tuweke chuma. Tukaagiza gia ya chuma, tukafunga, tukapongezana.

Wiki ya pili, simu. "Mjomba, huku nyuma kunalia." Tukafungua difu ya nyuma: kraunwili imekatika meno, vipande vinaelea ndani ya grisi kama chembe za pilipili. Tukaweka kraunwili mpya na pinioni yake, za chuma kigumu. Wiki ya tatu, shafti ya gurudumu la nyuma kulia ikapinda, na kiungio chake kikafumuka. Kila tulipoimarisha mahali, uvunjaji ulisogea hatua moja mbele. Na kila ulivyosogea, spea ilikuwa ghali zaidi na kazi ya kuifikia ilikuwa ndefu zaidi.

Hapo ndipo nilipoacha kuagiza spea. Nikatandika mkeka, nikavua gari zima, nikaanza upya kutoka kwenye mota. Haikuchukua nusu saa. Kosa lilikuwa kwenye nati moja ndogo, na kijana aliikaza kwa nia njema.

Ndugu msikilizaji, nguvu ikishatoka kwenye mota lazima iende mahali. Ikikuta njia, inasukuma gari. Ikikuta ukuta, inavunja kilicho dhaifu kuliko vyote njiani. Huwezi kuifuta, unachoweza ni kuamua wewe mwenyewe mahali itakapoishia. Waliolichora gari lile waliliamua jambo hilo kabla yetu, na sisi tukauziba mlango waliouacha wazi.

Mlango wenyewe unaitwa klachi ya kuteleza. Gia kubwa, kama hii niliyoishika, haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti yake. Imebanwa kati ya sahani mbili. Sahani zinabanwa na springi, na springi inabanwa na nati yenye utepe wa nailoni ndani yake ili isilegee. Mzigo ukiwa wa kawaida, vyote vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Kikija kishindo, gia inateleza kati ya zile sahani kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nguvu ya ziada inageuka kuwa joto, halafu vinashikana tena. Gari linaendelea, na jino halijaguswa.

Mpwa wangu alisikia gari likitoa sauti ya kuteleza wakati wa kuondoka, akadhani ni ubovu. Akachukua spana, akakaza ile nati mpaka springi ikagota. Sauti ikaisha. Kesho yake meno matano yakaondoka.

Namna ya kuirekebisha si ngumu. Kaza nati mpaka mwisho, kisha ilegeze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha gari lako. Magari hayafanani, kwa hiyo msitegemee namba ya jirani. Baada ya hapo sikio ndilo kipimo. Weka gari mahali ambapo matairi yanashika vizuri, likiwa limesimama, uvute triga ghafla. Unatakiwa usikie mtelezo mfupi, tsiii, kwa mwendo wa futi moja au mbili, halafu gari lishike na kuondoka. Usiposikia kitu, umekaza mno. Ikipiga mluzi safari nzima, imelegea mno, na hiyo nayo ni hatari, kwa sababu joto la sahani litaifikia gia ya plastiki na kuilainisha kutoka katikati. Ongeza robo ya mzunguko, jaribu tena. Punguza, jaribu tena.

Wenye magari makubwa zaidi, ya kipimo cha 1/8, wengi hamtaikuta klachi hii. Mahali pake pana difu ya tatu, ya katikati, iliyojazwa mafuta ya silikoni. Mafuta hayo yana namba: 5,000, 10,000, 30,000 na kuendelea, na namba ikipanda mafuta yanakuwa mazito, hadi kama asali iliyoganda. Ukiweka mepesi mno, nguvu inakimbilia magurudumu ya mbele ambayo hayana uzito juu yake, unaona matairi ya mbele yanavimba kama maandazi na gari haliendi mbele. Ukiweka mazito mno, difu inageuka kuwa chuma kimoja, kishindo kinapita moja kwa moja bila kupunguzwa. Wanaopenda kuruka vifusi wakae katikati, na mafuta yabadilishwe yakishakuwa meusi.

Sasa, kishindo chenyewe kinatoka wapi? Wengi wanadhani gari linavunjika kwa sababu ya mbio. Mbio peke yake haivunji gia. Kwenye barabara tambarare, triga mpaka mwisho, jino linasukuma jino kwa upole, ingawa kwa haraka. Kinachovunja ni mabadiliko ya ghafla, na mabadiliko makubwa kuliko yote hutokea gari linapotua kutoka hewani.

Nifanye hesabu nanyi, na mwenye kalamu aandike. Mota ya siku hizi isiyo na brashi, yenye alama ya 3,300 KV, huzunguka mara 3,300 kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Betri ya lithiamu ya seli tatu ina volti 11.1. Zidisha: zaidi ya mizunguko 36,000 kwa dakika. Gia za njiani zikiipunguza mara 12, gurudumu linazunguka kama mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 11 likizunguka hivyo, linakimbia karibu kilomita 62 kwa saa.

Gari limepanda kifusi kwa kilomita 20 kwa saa. Limeruka. Kijana, kwa furaha, bado ameivuta triga. Hewani hakuna cha kuyazuia matairi, yanapanda kutoka 20 hadi 60 kabla gari halijashuka. Mwili wa gari bado unakwenda 20. Kisha matairi yanagusa ardhi, na ardhi inayaambia: teremkeni hadi 20, sasa hivi. Matairi yanatii, maana ardhi haibishani. Lakini mota bado inazunguka kwa kasi ya 60 na bado inasukuma. Katikati yao kuna meno mawili tu ya plastiki yaliyogusana wakati ule. Ndiyo maana meno ya gia hii yalikatika mahali pamoja na mengine yakabaki mazima: yale matano ndiyo yaliyokuwa kwenye zamu, moja baada ya jingine.

Kwa hiyo spea ya kwanza ya kurekebishwa ni kidole. Gari likiacha ardhi, achia triga. Likishuka, liache likae chini kwanza, magurudumu yote manne, kisha ndipo uvute. Mtasema, mbona wakimbiaji hodari wanavuta triga hewani? Ni kweli, wanavuta, kwa mguso mdogo, kuinua pua ya gari isidunde, na wanaachia kabla ya kutua. Hiyo inakuja na mazoezi mengi. Anayeanza ajue kuachia tu.

Kidole hichohicho kina makosa mengine. Gari limenasa kati ya mawe mawili, gurudumu haligeuki, na mwenye gari anaendelea kuvuta triga akitumaini litachomoka. Halichomoki, linakatika. Nenda ukalitoe kwa mkono, miguu yako ni ya bei rahisi kuliko difu. Au gari linakwenda mbele kasi, unataka lirudi nyuma, unasukuma triga upande wa pili papo hapo. Magari mengi yana kinga: msukumo wa kwanza ni breki, wa pili ndio rivasi. Lakini yale ya kupanda miamba taratibu mara nyingi hupewa rivasi ya moja kwa moja, na ukiitumia gari likiwa kasini, meno yote ya njiani yanapigwa nyundo. Au gurudumu moja linazunguka bure hewani, triga imeshikiliwa, halafu ghafla linagusa jiwe. Yote haya ni jambo lilelile la kutua, kwa sura nyingine.

Kile kisanduku cha umeme kinachoiongoza mota nacho kina mpangilio wa namna triga inavyoitikiwa mwanzoni, kwa ukali au kwa ulaini. Wekeni laini. Mota hizi zina nguvu tangu mzunguko wa kwanza, hazisubiri kupata kasi kama injini ya mafuta.

Mambo haya hayakuwa makali hivi zamani. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa Rough Rider na Sand Scorcher mwaka 1979, na Team Associated ya Kalifonia ilipotoa RC10 mwaka 1984, ile yenye chasisi ya rangi ya dhahabu, mota zilikuwa za brashi na betri zilikuwa za nikeli. Nguvu ilikuja kidogo kidogo. Leo mtoto anaweza kuchomeka betri ya seli tatu kwenye gari ambalo ukubwa wa meno yake haujabadilika sana tangu enzi zile. Nguvu imekimbia, jino limebaki.

Turudi kwenye gia yangu. Nilisema meno matano yaliyokatika yalinifungua macho. Gia iliyokufa inasema imekufa kwa nini, na ningependa kila mwenye gari ajifunze kuisoma kabla ya kuitupa. Ikiwa yamekatika machache mahali pamoja na mengine ni mazima, kama hii, hicho ni kishindo. Angalia klachi yako na kidole chako. Ikiwa meno yote yamelika sawasawa, yamekonda na kuchongoka kama meno ya msumeno, hapo ni mchanga, au gia mbili zimeachana mno, au umechanganya vipimo. Ikiwa yanang'aa na yamelainika, kama mshumaa uliokaribishwa motoni, gia mbili zimebanana mno, au klachi inateleza bila kupumzika. Na ikiwa yamelika upande mmoja tu wa upana wake, pinioni haijakaa sawa kwenye mhimili wa mota, au mota yenyewe imefungwa ikiwa imeinama.

Hilo la kuchanganya vipimo limewaumiza wengi. Kuna gia zinazopimwa kwa idadi ya meno kwa kila inchi moja ya kipenyo, zinaandikwa 32 au 48. Kuna nyingine zinapimwa kwa moduli ya milimita, 0.6, 0.8, 1. Ile ya 32 na ile ya 0.8 zinakaribiana sana. Lakini ya 48 na ya 0.6 si ndugu, ingawa ukiziweka mezani macho yanakudanganya. Zitazunguka pamoja siku moja, kwa kelele, kisha ile laini italiwa. Kabla ya kulipia pinioni, soma alama iliyochongwa ubavuni mwake.

Na nafasi kati ya gia mbili? Hapo chombo bora kuliko vyote ni karatasi ya daftari. Kata ukanda mwembamba. Legeza skrubu za mota, ingiza ukanda kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka gia zibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa kunjwa kama ngazi ndogo bila kuchanika, nafasi ni sahihi. Usimalizie hapo. Zungusha gia kubwa robo, pima tena, robo nyingine, pima tena, kwa sababu gia nyingi za plastiki si duara kamili na huwa zina mahali palipotuna. Pima pale palipotuna, pasibane.

Baada ya hapo funga macho usikilize. Gia zilizobanana hupiga mluzi mwembamba unaokwaruza masikio. Zilizoachana hutoa sauti ya kokoto ndani ya kopo. Zilizokaa vizuri zinavuma tu, mvumo mmoja, kama nyuki walio mbali. Sisi watu wa redio tunajua sikio halidanganywi haraka.

Kijiskrubu kinachoshika pinioni kwenye mhimili wa mota ni kidogo kuliko punje ya mchele, na kimeua gia nyingi kuliko kifusi. Mhimili una sehemu moja iliyosawazishwa, si duara. Skrubu lazima ikae hapo, si kando. Futa mafuta kwa spiriti, weka tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu, kaza. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Ikigusa plastiki inaweza kuipasua, kwa hiyo tone moja linatosha.

Difu nayo ina siri yake, na hapa ndipo pengi panapopuuzwa kwa sababu pamefichwa. Kraunwili na pinioni yake hukutana ndani ya nyumba ya plastiki. Mzigo ukiwa mkubwa nyumba ile inapanuka kidogo, pinioni inasukumwa nje, na meno yanagusana kwa ncha tu. Unasikia tak, tak, tak wakati wa kuondoka. Ncha ya jino haina nguvu ya kubeba gari. Dawa ni washa nyembamba, za milimita 0.1 au 0.2, zinazowekwa nyuma ya kraunwili, kati yake na beringi, ili kuisogeza karibu na pinioni. Weka moja, funga nyumba, zungusha kwa vidole. Uchezaji ukiwa bado mkubwa, ongeza. Ikianza kukwama mahali popote, toa. Magari mengi yanatoka kiwandani yakiwa na nafasi iliyozidi hapo, hata magari mazuri, na saa moja ya kuweka washa inafanya kazi ambayo gia ya chuma peke yake haiwezi.

Grisi iwe ndani ya difu na ndani ya gia boksi iliyofungwa. Lakini ile pinioni ya mota na gia kubwa, zikiwa ziko wazi kwenye hewa, msizipake kitu. Najua mkono wa fundi unawasha kutaka kupaka. Grisi ikiwa wazi inakusanya vumbi, na grisi yenye vumbi ni msasa wa maji. Inasaga meno tangu asubuhi hadi jioni.

Kuhusu pwani niseme neno la huzuni. Vijana wanapenda kwenda Coco Beach jioni, mchanga ni laini, picha zinatoka nzuri. Mchanga ule una chumvi. Beringi ndogo za magari haya, za milimita 5 kwa 11 kwa 4, zina mipira ya chuma midogo kama mbegu za mchicha, na vifuniko vyake havizuii kila kitu. Chumvi ikiingia na unyevu, ukiliacha gari uvunguni wiki moja, beringi imeganda. Beringi iliyoganda inazungusha shafti ndani yake badala ya kuzunguka yenyewe, joto linapanda, plastiki inayoishikilia inalainika, gia zinahama mahali pake, na kosa linaonekana kwenye gia wakati lilianzia kwenye beringi. Ukitoka pwani, piga brashi kavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kausha, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Linalokwaruza litolewe beringi siku ileile. Na msitumie mashine ya kuoshea magari. Maji yenye nguvu yanausukuma mchanga kuingia pale ambapo usingefika wenyewe.

Shafti iliyopinda ya wiki ya tatu ilinifundisha jambo jingine. Gari likining'inia hewani, magurudumu yanashuka hadi mwisho wa shokapu, na shafti inapinda kwa pembe kubwa kwenye viungio vyake. Kiungio kikiwa kwenye pembe kali kinabeba nguvu kwa shida, tena kwa mishtuko. Mpwa wangu alikuwa ametoa vizuizi vidogo vya ndani ya shokapu ili magurudumu yashuke zaidi, kwa kuwa aliona gari linapendeza likiwa juu. Tukavirudisha. Pia alikuwa amefunga matairi makubwa kuliko ya awali. Tairi kubwa na zito ni gurudumu la kusagia unga: likishapata mwendo, kulisimamisha ni kazi ya meno. Mwenye kuongeza tairi apunguze meno ya pinioni, mawili au matatu, ili mota isibebeshwe mzigo wa kupita kiasi. Mota ikiwa ya moto kiasi kwamba kidole hakivumilii sekunde tatu, gari limekwisha kukupa taarifa.

Wazee wenzangu walioendesha Land Rover za zamani wanaielewa habari hii bila maelezo. Zile shafti za nyuma zilikuwa zikikatika matopeni, na dereva mwenye busara alijua kwamba si tope lililozikata. Ni ule mguu uliokanyaga moto wakati gurudumu moja liko hewani.

Basi tulirudisha gia ya plastiki. Ile ya chuma ipo kwenye kikopo, hatuitumii. Gia ya plastiki ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika gari lile, na kuibadilisha ni skrubu chache. Kama kuna siku kitu lazima kivunjike, nataka kivunjike hapo, mahali ambapo kijana anaweza kukitengeneza mwenyewe kabla ya magharibi. Nati ya klachi tukaiweka sawa kwa sikio. Tukapima kwa karatasi. Ukanda ule wenye ngazi ndogo ameubandika kwenye kijitabu cha gari.

Jumamosi iliyopita alinipigia tena. Nikashika simu nikijiandaa. Akasema, "Mjomba, usikate, sikiliza," akaiweka simu chini kando ya kifusi. Nikasikia tsiii, fupi. Nikasikia mota inavuma ikipanda. Kisha mota ikanyamaza kabisa, kimya kitupu, hata nikadhani simu imekatika. Ndipo matairi yakagusa udongo, pu, na mota ikaanza kuvuma tena.

"Umeruka?" nikamwuliza.

"Nimeruka, mjomba. Nimeachia triga juu kule. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia, arudie tena.